Usiku wa Pili Mbele ya Qalhat

Skuli niliishia darasa la sita, na kazi yangu maisha yangu yote ilikuwa kuendesha gari la maji hapa Ibra, kujaza matangi ya watu, mpaka magoti yalipokataa kupanda na kushuka. Nayasema haya mwanzo ili anayesoma asinitegemee zaidi ya uwezo wangu. Mambo ya bahari sikuyasomea. Naandika nilivyoona, na pale nilipokuwa nimeinamia ndoo natapika nitasema kuwa sikuona.

Nilikwenda kwa ajili ya mpwa wangu, binti wa dada yangu. Yeye anasomea bahari. Mwaka uliopita, yeye na watu wa chuo walitia kamba baharini mbele ya Qalhat, pale ambapo ukiiacha pwani kidogo tu chini kunaporomoka, huoni mwisho wake. Nilipomuuliza kamba ya nini, hakunicheka. Alichukua jagi la maji jikoni kwa mama yake, akafunga kijiko upande mmoja wa uzi na ndimu kavu upande wa pili, akautumbukiza. Kijiko kikakaa chini, ndimu ikataka kupanda, uzi ukasimama wima katikati ya maji.

"Ndiyo hivi, mjomba. Chini chuma kizito, juu maboya, na kwenye kamba tumefunga vipimo, kila kimoja na kina chake. Mwaka mzima vinapima joto, na chumvi, na hewa iliyomo ndani ya maji, vinajiwekea hesabu ndani. Juu huoni kitu, meli zinapita tu."

"Na mtaitoaje?"

"Tutaiita. Karibu na kile chuma kuna kitasa kinachosikia sauti kutoka melini. Kikiitwa kinafunguka, chuma kinabaki chini, vingine vyote vinapanda." Akakata uzi kwa mkasi juu ya kijiko, na ndimu ikaibuka.

Dada yangu alikuwa anachambua mchele. "Na kisipoitika?"

"Kitaitika, mama."

"Mie nakuita weye kutoka sebuleni hadi chumbani huitiki."

Basi tukacheka. Lakini binti yule hakuwa na mchezo. Mwalimu wake mkubwa, mzee wa Kizungu, kazi yake khasa ni bahari ya kaskazini kabisa, kwenye barafu, na huko nako hutia kamba za namna hii. Alimwambia: ukinijia na vipimo vya mwaka mzima, kamili, nafasi moja ipo kwenye meli yangu ya barafu. Pakikosekana ukamilifu nafasi itakwenda kwa mwengine. Mzee yule sikumlaumu, naye ana wakubwa anaowajibu. Khabari hii binti alitwambia mie na mama yake tu. Ami zake, ndugu wa marehemu baba yake walioko Nizwa, hakuwaambia.

Na ami zake ndio waliokuwa na kauli. Safari ya kutia kamba ilikuwa ya mchana mmoja, walitoka bandari ya Sur asubuhi wakarudi jioni, hapakuwa na neno. Hii ya kuitoa ilikuwa na kulala. Ami mkubwa, ambaye ana duka la tende sokoni, alikataa. Ami mdogo, aliyemlea binti baada ya baba yake kufariki, alimsemea kwa kaka yake mpaka ikapatikana ruhusa: usiku mmoja, na awepo mwanamme wa ukoo wake. Ndugu zake binti wote wana kazi. Ikabaki jina langu.

"Utakwenda weye," alisema dada yangu.

"Mie, baharini?"

"Kwani una shughuli gani?"

"Nina magoti."

"Wapi umeambiwa utatembea? Utakaa."

Sipendi kuwasema vibaya ami wale. Mtu wa nje atasema ni ukali. Lakini ami mdogo alikuwa akiendesha gari kutoka Nizwa mpaka Ibra kila mtoto yule anapopatwa na homa, na mie niliyekuwa jirani mara nyengine sikujua hata kuwa anaumwa. Kwa hivyo anapoweka sharti, ana haki ya kuliweka.

Tukaondoka Sur baada ya alfajiri. Meli ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani na chafu kuliko nilivyotarajia, harufu ya mafuta na ya samaki wa zamani. Nahodha ni mtu wa Sur, bibi yake alizaliwa Unguja, Kiswahili chake cha kuokoteza lakini kinatosha kutania. Alitukalisha sitaha ya nyuma, ikaletwa kahawa na tende, na hapo ndipo kazi ilipopangwa.

Palikuwa na kamba mbili za kutoa. Moja ya mwalimu mkubwa, aliyekuwamo melini nasi, mbali kidogo, upande wa Ras al Hadd. Ya pili ya mpwa wangu. Nahodha akauliza tuanze na ipi. Mpwa wangu, kikombe mkononi, akainamisha kichwa akasema mwalimu atangulie, yeye ni mkubwa. Nilijaa furaha. Nilijisemea, huyu amelelewa.

Sasa, kwetu sisi neno kama lile hurudishwa. Mkubwa naye husema, hapana mwanangu, tangulia weye, na mdogo hukataa tena, na la tatu ndilo linalojulikana kuwa la kweli. Mzee yule alimuuliza kwa Kiingereza mara moja tu: una hakika? Akajibiwa ndiyo. Akashukuru, akanywa kahawa yake, na meli ikageuzwa. Angejuaje? Nilimwona mpwa wangu anamtazama, bado anangoja aulizwe tena, halafu nikaona uso wake unabadilika kidogo, kama wa mtu anayehesabu saa kichwani.

"Ungesema," nilimwambia baadaye.

"Nisemeje, mjomba? Nishike foleni mbele ya mwalimu wangu?"

 

Siku ile ya kwanza sina mengi ya kusimulia. Kamba ya mzee iliitwa ikaja, nilisikia watu wanapiga makofi juu, mie niko chini na ndoo. Mchana kutwa wakawa wanaosha vyombo vyake na kuvisoma. Jioni nilipata nguvu ya kula mkate mkavu. Usiku nilitandika godoro langu kwenye ujia, mbele ya mlango wa chumba cha mpwa wangu, kwa sababu hilo ndilo lililonileta.

"Mjomba, nenda kitandani kwako. Nimefunga kwa ndani."

"Lala."

"Watu wanataka kupita."

"Watapita juu yangu."

Na kweli walipita juu yangu. Nahodha aliponiruka alisema, "Mzee, tukuandike zulia?" Nikamwambia aniandike anavyotaka lakini aangalie viatu vyake.

Asubuhi tukawa mbele ya Qalhat. Bahari ilikuwa shwari, joto limeshika mapema, milima ile ya mawe iko karibu mpaka unaona gari zinapita njiani. Wakashusha chombo cha kukiitia kitasa ubavuni mwa meli. Mpwa wangu alivaa visikizio, akabonyeza. Palikuwa na spika ndogo, tukasikia sote: mlio, kisha kimya, kisha kutoka chini kabisa mlio mwengine, mdogo, kama mtu anagonga bilauri kwa ukucha. Kimeitika. Akabonyeza tena, amri ya kufunguka. Kikajibu kuwa kimefunguka.

Tukajipanga kwenye ukingo tunatazama maji. Hata mpishi alipanda. Muda ambao mzee alisema maboya yatakuwa yameshaibuka ulipita, ukapita mara mbili yake. Maji yalikuwa yale yale. Nilianza kuona maboya pasipokuwa na maboya, nikaacha kutazama nisije nikampa mtu tamaa bure.

Wakakiita tena. Kikaitika, pale pale, kina kile kile. Kwa hivyo kilifunguka lakini hakikupanda.

Mzee alikaa karibu yangu kwenye sanduku, na mpwa wangu akawa anatafsiri. Alisema huko kwake kaskazini kinachomtisha ni barafu. Hawaiti kamba mpaka wapate uwazi wa maji juu yake, maana ikipanda ikajibanza chini ya barafu, imekwenda. Wanaweza kungoja siku nyingi, meli imesimama, watu wamevaa kila walicho nacho, wanatazama ufa kwenye barafu kama unapanuka au unajifunga. Hapa hakuna barafu, alisema. Hapa ukikwama, umekwama na kazi ya watu. Alidhani ni wavu. Wavu uliokatika, unaokwenda na maji, umejizungusha kwenye kamba na kwenye chuma chake.

Dawa yake ni moja: kuburura. Unashusha waya mrefu wenye makulabu, unaizunguka ile kamba polepole kwa meli, halafu unaukaza waya kwa winchi, ukiomba kulabu moja lishike. Mzunguko mmoja unakula saa mbili au tatu. Wakaufanya. Waya ulipanda mtupu, una tope tu.

Ilikuwa wakati wa alasiri. Nahodha akaja kwangu, hakwenda kwa mpwa wangu wala kwa mzee. Akachuchumaa.

"Mzee, makubaliano yangu na nyie ni kuwashusha Sur jioni hii. Nikiwashusha, sirudi hapa. Kesho jioni natakiwa bandari nyengine. Mkibaki, tunaburura tena magharibi isiingie, na alfajiri tena. Neno lako."

"Muulize mwenye kamba."

"Mwenye kamba nimemuuliza. Kasema nikuulize weye."

Mpwa wangu alikuwa amesimama kwenye winchi, mgongo kwetu, glavu mkononi. Hakugeuka. Nadhani alifanya makusudi asigeuke, asinibane kwa uso wake. Kwa hilo namshukuru, na kwa hilo pia neno lilikuwa zito zaidi.

Nikaomba simu ya meli. Nilimpigia kwanza dada yangu. Nilimweleza yote. Akasema, "Mie sina neno. Mpigie ami yake." Nilijua atasema hivyo. Anataka na hataki, na mwenye kutaka na kutotaka humwachia mwengine aseme.

Nahodha alinong'ona, "Mwambie mashine imeharibika. Khalas, nani atajua?"

"Mashine yako nzima."

"Naweza kuiharibu kidogo."

Nilikataa. Si kwa ucha Mungu mwingi, ila najijua, nikisema uwongo nausahau, halafu nasema mwengine usiofanana nao.

Ami mdogo alisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu mpole wa sauti. Akasema, "Weye unanielewa, bwana. Kaka yangu hakutaka. Mie ndiye niliyemwambia usiku mmoja. Usiku mmoja, nimemtolea dhamana. Kesho ataniuliza mie, hatokuuliza weye."

"Nakuelewa."

"Basi mrudishe."

Simu ile ilikuwa inavuma kama upepo umo ndani yake. Nilijaribu kupima. Upande mmoja neno la mtu mwema ambaye hajawahi kunivunjia neno. Upande wa pili mwaka wa binti yule. Upande wa tatu, nisijifanye, mwili wangu wenyewe, uliokuwa unalia kurudi nchi kavu. Nikajiuliza, mie nimeletwa kufanya nini khasa? Nimeletwa ili asiwepo mtu wa kusema binti alikuwa peke yake. Hilo naliweza usiku mmoja, naliweza na usiku wa pili. Kama ningeona jambo baya melini ningemrudisha hata kwa kuogelea. Sikuona jambo baya. Niliona watu wamechoka wanatafuta kitu.

Nikamwambia, "Bwana, mie nimeletwa kukaa naye. Nakaa naye. Leo haturudi, na neno hili ni langu, si lake. Mwambie kaka yako mie ndiye niliyekataa."

Hakupandisha sauti. Alisema, "Sawa. Basi na kaka yangu utakaa naye weye." Akakata.

Sijui mpaka leo kama nilifanya haki. Nilimvunjia mtu dhamana yake kwa simu, na yeye hakuwapo kujitetea. Nimelifikiria mara nyingi. Kila nikilipima linakaa sawa, halafu nikilala linapinda.

Mzunguko wa pili, kabla ya magharibi, ulipanda mtupu. Mpwa wangu hakula. Nilimpelekea wali akaushika, akaurudisha. Alisema, "Ningetangulia jana, mjomba, tungekuwa na siku nzima." Nikamwambia siku nzima nayo ingeweza kupita bure. Alisema ndiyo, ingeweza.  Nikatandika pale mlangoni.

Baada ya sala ya alfajiri walishusha waya mara ya tatu. Nilikuwa nimekaa kwenye sanduku lile lile, nusu nalala, nilipousikia mlio wa winchi umebadilika. Ulikuwa unaimba, sasa ukawa unaguna. Meli ikainama kidogo upande wa nyuma. Nahodha akanyanyua mkono watu wasogee mbali na waya, maana ukikatika unaua. Mpwa wangu alirudi nyuma hatua chache, akakaa chini kabisa kwenye chuma chenye maji.

Kilichopanda kwanza kilikuwa wavu. Rundo la nailoni la kijani, zito, linanuka, ndani yake makombe, chupa, mifupa ya samaki. Mzee alikuwa amebahatisha sawa. Walianza kuukata kwa visu, na ndani ya wavu ikaonekana kamba. Nilisikia mtu anasema alhamdulillahi, nadhani nilikuwa mie.

Wakaivuta. Kikaja kitasa, kimefunguka kweli, hakikusema uwongo. Kikaja kipimo kimoja, cha pili, cha tatu, mirija ya rangi ya maziwa iliyovaa makombe. Halafu kamba ikaja tupu. Halafu ikaja ncha, imechanika. Maboya ya juu na vipimo vya juu, nusu nzima ya kamba, havikuwapo. Wavu ulivikata ukaenda navyo, lini, hakuna ajuaye.

Mpwa wangu alivipokea vile vilivyobaki kimoja kimoja, akavisafisha mwenyewe kwa brashi ya meno, hakutaka msaidizi. Adhuhuri alikuwa amevifungua vyote na kuunganisha na kompyuta. Vya chini vyote vilikuwa na mwaka wao mzima, hakuna hata siku iliyoruka. Alinionesha mstari kwenye kioo, unapanda na kushuka kidogo kidogo. "Hii ni joto," alisema. "Hapa ni wakati wa kusi." Nilitazama nikasema mashallah. Sikuelewa, lakini nilimwona anauelewa, na kwa kitambo kile uso wake ulikuwa umefunguka.

Mzee akaja, akatazama, akampa mkono. Wakazungumza kwa Kiingereza muda si mrefu. Hakuwa mkali, alikuwa ameshika kofia yake mkononi. Sikuhitaji kutafsiriwa.

Sur tulifika jua kali. Gatini pamesimama gari nyeupe ya Nizwa, na kando yake ami wawili, mkubwa kwa mdogo, wote wamevaa vilemba vyao barabara. Nilishuka ngazi mbele, kwa kuwa ndivyo nilivyoahidi. Ami mkubwa alinipa mkono, tukaulizana khabari za nyumbani moja moja, za watu na za tende, hakuruka hata moja. Kisha akasema, "Nasikia weye ndiye uliyekuwa nahodha."

"Nilikuwa zulia," nilisema. "Lakini neno lilikuwa langu."

"Nilitoa usiku mmoja."

"Ndiyo. Na mie nikachukua wa pili. Ndugu yako hana kosa."

Alinitazama nguo zangu, nadhani zilikuwa zinanuka. Akamgeukia binti, aliyembusu mkono. "Mmekipata?"

"Nusu, ami."

"Nusu ya nini?"

Akamweleza pale pale juani, na mzee yule wa tende alisikiliza mpaka akafika mwisho. Akauliza maswali mawili, mazuri. Halafu akasema twendeni, joto.

Ami zake walikaa mbele, sisi nyuma. Tulipoiacha Sur tukashika njia ya Ibra, ndipo aliponiambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, maana ami zake Kiswahili chao kidogo.

"Nusu inatosha kumaliza masomo. Mwalimu kaniambia nitaandika juu ya maji ya chini tu, na itakuwa kazi nzuri. Meli ya barafu kampa mwengine. Yule ana mwaka kamili."

Nikasema pole. Na wakati ule ule ninaposema pole, kitu kifuani kwangu kililegea. Nilikuwa nimeshaanza kujiuliza, toka siku ya jagi, nani angekwenda naye huko kwenye barafu, nani angewaambia hawa wawili walioko mbele, nani angelala kwenye ujia. Sasa hakuna atakayeulizwa. Nilipumua, na pumzi ile ilitoka kwa sauti kuliko nilivyotaka.

Alinisikia. Alitazama dirishani, jangwa linapita.

"Umepata raha, mjomba."

"Nimechoka tu."

"Najua umechoka," alisema. "Yote mawili yanawezekana."

Sikumkatalia. Nilitaka kumwambia kwamba nilikaa usiku wa pili kwa ajili yake na hilo ni kweli, na kwamba nimepumua kwa ajili yangu na hilo nalo ni kweli, lakini sikujua nianze na lipi. Ami mdogo akauliza kutoka mbele, kwa Kiarabu, kama tunataka kusimama tunywe maji. Binti akamjibu hapana, ami, tuendelee.